Uzi: Kuvuka mipaka na begi mgongoni, karaha zake na raha zake

ShantaMoja (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mtu akiomba ushauri wa kuzunguka nchi kadhaa kwa kujitegemea, bila kampuni ya utalii ya kumshika mkono, anamiminiwa vivutio. Nenda pale, usikose kile, piga picha hapa. Hayo yamejaa kila kona ya intaneti, hayahitaji uzi. Kinachovunja safari ni mpaka. Unaweza kulala pabaya, ukapotea mitaani, ukanyeshewa mpaka begi likalowa, na kesho yake ukaendelea. Ukikwama katikati ya nchi mbili, yaani umeshagongewa muhuri wa kutoka huku na kule hawakutaki, hapo ndipo unajua hujui. Kwa hiyo mimi hupanga mipaka kwanza. Vivutio hujipanga vyenyewe.

Tuanze na ramani, maana ramani ni muongo. Mstari uliochorwa kati ya nchi mbili haukuambii kama kuna geti, na geti likiwepo haukuambii kama liko wazi. Uturuki na Armenia zimepakana kabisa, lakini mpaka wao wa nchi kavu umefungwa kwa wasafiri tangu 1993. Anayetaka kwenda upande wa pili anazunguka kupitia Georgia. Morocco na Algeria hadithi ni hiyohiyo tangu 1994. Na wale wenye ndoto ya kushuka na mabasi kutoka Alaska hadi ncha ya Amerika ya Kusini, barabara ya Pan-American inakatika kati ya Panama na Kolombia. Ni kama kilomita 100 za msitu na vinamasi vya Darién, hakuna lami wala njia ya gari. Hapo ni ndege au mashua.

Pasipoti. Kwamba haijaisha muda haitoshi. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 mbele tangu siku unayoingia. Nchi za Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani kati yao, zina hesabu yao: iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na miezi 3 zaidi ya siku unayopanga kutoka. Halafu kurasa tupu. Viza za kubandika zinakula ukurasa mzima, na kuna maofisa wanaopenda kugonga muhuri katikati ya ukurasa safi wakati pembeni kuna nafasi tele. Sijui wanafundishwa wapi.

Viza sasa. Mwenye pasipoti nzito anaamka asubuhi anaenda. Mwenye pasipoti nyepesi anaanza na taarifa za benki, barua ya mwajiri, nafasi ya kulala iliyolipiwa, bima, na miadi ya kuchukuliwa alama za vidole inayopatikana baada ya wiki kadhaa. Kwa viza ya Schengen bima lazima ifidie walau yuro 30,000. Ukishaipata angalia neno moja tu: ni ya kuingia mara moja au mara nyingi? Kama ni mara moja, usidanganyike na ukaribu. Ukitoka Ugiriki kwenda kuchungulia Albania siku mbili, viza imekufa, maana Albania haimo Schengen. Kurudi Ugiriki hakuna.

Na zile siku 90 ndani ya 180, yaani muda wa kukaa Schengen unaoruhusiwa mgeni wa matembezi, watu wanazihesabu vibaya. Hazianzi upya ukitoka. Kila siku unayokuwa ndani, geuka nyuma uhesabu siku 180. Siku zote ulizokuwa Schengen katika kipindi hicho zisizidi 90, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kuchukua picha na alama za vidole badala ya kugonga mihuri. Sasa ni mashine inayohesabu, na mashine haibembelezwi.

La mwisho kwa leo, mpaka wa kwanza hauko mpakani. Uko kaunta ya shirika la ndege. Shirika likikubeba bila nyaraka sahihi linapigwa faini na linakurudisha kwa gharama zake, kwa hiyo yule dada wa kaunta ni mkali kuliko ofisa wa uhamiaji. Anasoma masharti ya kila nchi kwenye mfumo wa Timatic wa IATA, chama cha mashirika ya ndege. Kama skrini inasema tiketi ya kuondokea inatakiwa, yaani ya kutoka nchi unayokwenda, utaitoa, hata kama mpango wako ni kutoka kwa basi na tiketi za basi hilo zinauzwa stendi tu. Nimeona mtu na begi lake kubwa amepiga magoti pembeni ya foleni, simu mkononi, ananunua tiketi ya nchi ambayo hata hakuwa na mpango nayo, huku abiria wenzake wanaitwa kupanda.

Karibuni muongeze.

Mvuja_Jasho

Shusha nondo mkuu, tupo.

Kadi ya Njano

Mkuu umesahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ndicho kinachowakamata wengi. Kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo habari ya kuchanja jana na kusafiri leo haipo. Tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Zamani kilikuwa cha miaka 10, na bado utakuta ofisa mmojammoja anayeng'ang'ania kuwa kimeisha. Usigombane naye. Mwambie kwa upole kanuni za WHO zilibadilika, umwombe amuulize mkubwa wake. Kelele kaunta ya afya hazijawahi kumsaidia mtu.

Angalizo jingine: wanachoangalia ni njia uliyopita, sio taifa lako tu. Ukikaa saa nyingi uwanja wa ndege wa nchi yenye homa hiyo, huko mbele unaweza kuhesabiwa umetoka huko.

Noti Safi

Mimi naongelea pesa, maana mpakani ndiko tunakopigwa.

Kwanza wabadilisha pesa wa barabarani. Sisemi wote wezi, kuna mipaka hakuna benki na hao ndio pekee waliopo. Ila jua michezo yao. Kikokotoo chao kinaweza kuwa kimechezewa, wewe tumia cha simu yako. Noti ikikunjwa katikati ya bunda inahesabiwa mara mbili, kwa hiyo wanayokupa unaihesabu wewe mwenyewe, mojamoja, ukiwa bado umeshika ya kwako. Akikwambia "fanya haraka askari anakuja", hiyo ndiyo dalili. Badilisha ya nauli na maji tu, nyingine utatoa mjini.

Pili, kuna sarafu ukitoka nazo nchini umebeba karatasi. Dinari ya Tunisia hairuhusiwi hata kutoka. Zitumie zote au uzibadilishe kabla hujagongewa muhuri, na tunza risiti za benki, wakati mwingine wanazidai ndipo wakurudishie pesa za kigeni.

Tatu, dola. Iliyochanika kidogo, iliyoandikwa kalamu au ya toleo la zamani sehemu nyingi hawapokei. Ziweke katikati ya daftari zisikunjwe.

Nne, mashine ya ATM ikikuuliza kama unataka ikukate kwa sarafu ya kwenu, kataa. Inaonekana kama msaada, kumbe wanakupangia kiwango chao. Chagua sarafu ya hapo ulipo, benki yako ibadilishe.

Dada wa Mlimani

ShantaMoja kaka yangu, umeandika kama mtu asiyelala. Hosteli je?

Chumba cha watu nane, vitanda vya deka. Kuna mmoja anakoroma, hilo halikwepeki. Kuna mwingine ana basi la alfajiri na hakupanga begi jana yake, kwa hiyo saa kumi usiku anaanza kufungua mifuko ya plastiki. Mfuko mmoja, mwingine ndani yake, mwingine ndani ya huo. Anajitahidi kufungua taratibu asisumbue watu, na hiyo taratibu ndiyo inayoua. Afadhali angeurarua mara moja tukalala.

Kabla sijaweka begi kitandani nainua godoro nimulike mishono kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi kama nukta za kalamu ni kunguni. Naondoka hapohapo, siulizi. Kufuli langu mwenyewe, kandambili za bafuni, vizibo vya masikio. Na kwa wanawake wenzangu: fika mchana. Usipange kuvuka mpaka jioni ukafika mji usioujua saa tano usiku eti kwa kuwa nauli ya usiku ni nafuu. Ile nafuu utailipa kwa teksi.

Lakini nizitendee haki. Hosteli ya kwanza ya vijana iliwekwa ndani ya ngome ya Altena, Ujerumani, 1912. Aliyebuni ni mwalimu wa shule, Richard Schirrmann, baada ya kukwama na wanafunzi wake kwenye mvua kubwa wakiwa matembezini. Na zaidi ya miaka 100 baadaye kinachonipeleka hosteli hakijabadilika sana: niko kwenye mvua, sina pa kwenda, na kule kuna jiko. Rafu ya "chukua ukitaka" jikoni, yenye nusu pakiti ya tambi na chumvi za watu walioondoka, imenilisha sana. Na pale mezani ndipo unapopata habari ya mpaka ambayo haijaandikwa popote, kwa sababu mwenzio ametoka huko jana.

Mtu wa Package

Samahanini wakuu, sitaki kuharibu uzi. Nimesoma viza, kunguni, wezi wa noti, kukoroma. Sasa raha iko wapi? Si bora mtu ulipie safari ukachukuliwe uwanja wa ndege na bango la jina lako?

ShantaMoja

@Mtu wa Package swali zuri na sikulaumu. Kuna umri na kuna aina za likizo bango la jina lina maana yake.

Ngoja nikupe mfano. Treni ya kutoka Beijing kwenda Ulaanbaatar. Reli za China zina upana wa milimita 1,435, za Mongolia 1,520. Tofauti ni sentimita 8 na nusu tu, lakini behewa haliwezi kupita. Basi pale Erenhot, mpakani, mabehewa yanatenganishwa na kusukumwa ndani ya karakana ndefu, abiria mkiwa ndani. Jeki kubwa zinashika behewa pande zote na mnapanda juu taratibu, mpaka unamwona jirani yako wa behewa la pili dirishani mmelingana, naye anakutazama. Chini mafundi wanasukuma magurudumu ya Kichina yanatoka, ya upana wa Kimongolia yanaingia, kisha mnashushwa. Saa zinakwenda, choo kimefungwa, joto au baridi kulingana na msimu. Ni karaha tupu. Na hakuna mtu aliyepita pale asiyeisimulia. Aliyeruka na ndege juu yake hana cha kusimulia ila alipewa maji.

Mwingine. Basi la Mendoza, Argentina, kwenda Santiago, Chile, linapanda milima ya Andes, zaidi ya mita 3,000. Chile ni wakali mno kwa matunda, mbegu na nyama, wanaogopa wadudu waharibifu wa mazao. Mabegi yote yanashushwa, yanapitishwa kwenye mashine, mbwa wananusa. Ukitangaza ulichonacho kwenye fomu wanakichukua tu, ukificha ni faini. Sasa basi likikaribia pale utaona kitu kizuri: watu wanaanza kufungua mifuko. Bibi aliyekuwa hasemi na mtu tangu stendi anagawa matufaha. Mtu ana kilo ya zabibu na hawezi kuimaliza peke yake, inapita kiti kwa kiti. Basi zima linatafuna. Mpaka ule umewalazimisha watu wasiofahamiana kula pamoja, na baada ya hapo mazungumzo hayafungi tena hadi mjini.

Au mashua ya polepole ya Mto Mekong kule Laos, Huay Xai hadi Luang Prabang, siku mbili, usiku mnalala Pakbeng. Viti vingi vimetolewa kwenye magari yaliyokufa. Inasimama kwenye kingo ambazo hata gati hazina, inashusha gunia, inapakia pikipiki, inaendelea. Siku ya kwanza kila mtu anatazama simu. Ya pili mtandao umepotea na watu wanacheza karata.

Hizo siwezi kuzinunua kwenye package, kwa sababu kazi ya package ni kuziondoa.

Mtu wa Package

Ya matufaha nimeipenda. Ila kukaa hewani bila choo, hapana asante.

Saa Mbovu

Mimi nachangia la saa, halisemwi sana. Villazón upande wa Bolivia na La Quiaca upande wa Argentina ni kutembea kwa miguu kuvuka daraja, lakini Argentina iko saa moja mbele. Umepiga hesabu basi lako la upande wa pili linaondoka saa nne, unavuka saa tatu na nusu unajipongeza, kumbe kule ni saa nne na nusu na basi limekwenda. Simu nayo haitakusaidia kama bado imeshika mnara wa ulikotoka. Kila tiketi ya upande wa pili muulize muuzaji: hiyo ni saa ya wapi?

Na viza za mtandaoni zisomwe vizuri. Nyingi zinataja mageti. Vietnam tangu Agosti 2023 wanatoa ya hadi siku 90 kwa mataifa yote, lakini fomu inakuuliza utaingilia wapi, na sio kila njia ya kijijini iko kwenye orodha yao. Usipande basi la kwenda geti lililo karibu kabla hujahakikisha limo.

Kivukoni

Kuna mipaka imebadilika kabisa. Kazungula, kati ya Zambia na Botswana, zamani mlivuka Zambezi kwa kivuko, malori yanasubiri kwa siku kadhaa. Mei 2021 likafunguliwa daraja la mita 923, na uhamiaji wa nchi zote mbili uko chini ya paa moja. Daraja lenyewe limepinda, limekwepa kuingia Zimbabwe. Ni maendeleo, sipingi. Ila kwenye kile kivuko ulikuwa unapata lifti ya lori hadi mbali sana, kwa sababu dereva alikuwa amekaa bila kazi na anatafuta wa kuongea naye. Sasa hivi anapita fasta.

Njia Fupi

Wakuu mnajitesa na tiketi za kuondokea. Kuna watu wanakutengenezea booking ya uongo kwa pesa kidogo, unaonyesha kaunta unapita. Mimi natumia hiyo kila siku.

ShantaMoja

@Njia Fupi kwa heshima, hapana. Namba ya booking ikiingizwa kwenye mfumo na isionekane, umebaki nyumbani. Na ikifika kwa ofisa wa uhamiaji, hapo sio kuchelewa tena, ni kudanganya serikali ya watu, na kwenye fomu za viza za baadaye utaulizwa kama umewahi kukataliwa kuingia mahali. Nunua tiketi halisi inayorudishwa pesa ndani ya saa 24, au ya basi la kuvuka mpaka linalouza mtandaoni, hata kama hutaitumia. Mara nyingi basi linakubalika. Sio zote, soma masharti ya nchi husika.

Njia Fupi

Sawa mkuu. Mbona sijawahi kukamatwa lakini.

Dada wa Mlimani

Kila aliyekamatwa alikuwa na sentensi hiyo.

Mvuja_Jasho

Nimesoma yote. Maswali mawili kwa ShantaMoja. Begi la ukubwa gani? Na hiyo mashua ya Panama kwenda Kolombia inakuwaje, maana ndiyo njia ninayoitaka.

ShantaMoja

Begi: lita 40, lisizidi. Zaidi ya hapo unapakia vitu vya "huenda". Kipimo changu ni hiki: uweze kulivaa na kukimbilia basi, na ukikaa uweze kulipakata mapajani. Lile kubwa linawekwa juu ya gari au kwenye buti, na kila gari likisimama unachungulia dirishani kuona nani anashusha nini. Pasipoti, kadi na dola haziingii humo kamwe, zinakaa mwilini. Nakala za nyaraka zote ziweke kwenye barua pepe yako, na picha kwenye simu, na karatasi moja chini kabisa ya begi. Ramani pakua kabla ya mpaka, kwa sababu kipande cha kati ya ofisi mbili ndicho laini ya zamani imekufa na mpya hujanunua.

Mashua: zinapita visiwa vya San Blas, eneo la watu wa Guna, halafu zinakata bahari wazi hadi upande wa Kolombia. Ni safari ya siku kadhaa. Visiwani raha mustarehe, maji meupe, mnalala mmetia nanga. Ule mkato wa bahari wazi ndio wenyewe. Desemba hadi Machi pepo zinavuma kwa nguvu na watu wanalala sakafuni wakiomba kufa. Nahodha ndiye hushughulikia mihuri ya pasipoti zenu pande zote mbili, kwa hiyo chagua nahodha kabla ya kuchagua mashua. Ongea na waliofika naye juzi, uliza jaketi za kuokolea ziko ngapi na anakunywa au hanywi akiwa kazini. Asipotaka kukujibu, tafuta mwingine.

Mvuja_Jasho

Na kama mtu anatapika hata kwenye basi?

ShantaMoja

Basi panda ndege, mkuu. Panama City hadi Cartagena ni kama saa moja. Tiketi ya kuondokea Kolombia uwe nayo.